Stars wanacheza Fes na Rabat, mimi nimeshalipia Marrakech

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha watu watano hapa Temeke. Kibubu chetu tulikianza Februari 2024, Taifa Stars walipotoka tu kutolewa kwenye AFCON ya Ivory Coast. Mechi zote tatu tulizitazama banda umiza tukiwa tumebanana kwenye benchi moja, na siku ile ya suluhu na Kongo tukaapiana kwamba AFCON ijayo hatuitazami kwenye kioo. Namshukuru Mungu hela imetimia. Tiketi za ndege tumeshakata, tunapitia Istanbul, tunatua Casablanca tarehe 21 Desemba na kuondoka tarehe 6 Januari.

Shida ni mahali pa kuweka kambi. Kama unavyojua, kwenye AFCON 2025 huko Moroko Stars wapo Kundi C: tarehe 23 na Nigeria mjini Fes, tarehe 27 na Uganda mjini Rabat, tarehe 30 na Tunisia, Rabat tena. Sasa kila mtu ana mji wake.

Sele anataka Casablanca. Hoja yake ni kwamba ndiko ndege inakotua na ndilo jiji lenyewe, mengine ni vitongoji. Mzee Kombo, ambaye ndiye mkubwa wetu, ana mpwa wake anasoma Kenitra kwa ufadhili, na kijana kasema tufikie kwake bure. Rama alikuwepo Ivory Coast kwa miguu yake. Aliwafuata Stars San Pedro, akawafuata hadi Korhogo, na usiku mwingine alilala kwenye basi. Yeye anasema kambi moja ni mambo ya watalii, shabiki anabeba begi mgongoni na kufuata timu. Zai anataka Marrakech. Ameona picha za zile nyumba za kale zenye ua katikati na miti ya michungwa, na anasema baada ya kujinyima karibu miaka miwili hatakubali kulala pahala kama gesti ya stendi.

Kikao cha Jumapili iliyopita kiliisha Mzee Kombo akiwa amesusa chai. Kundi letu la WhatsApp lina siku nne halina hata salamu ya asubuhi, na humo ndani kuna mtu ambaye hajawahi kuruka siku bila kutuma picha ya maua.

Nakuomba ututajie mji mmoja. Wote wanakusoma, nikiwaonyesha jibu lako litakuwa limekwisha. Na ukiona Marrakech inafaa itakuwa nafuu kwangu, kwa sababu kuna kishika uchumba kidogo nilikitanguliza huko mwezi wa tisa kabla bei hazijapanda. Ni 1,400,000 tu, na mwenye nyumba anasema hairudishwi. Wenzangu sijawaambia bado, nasubiri wakati mzuri. Nisikufiche, mimi na Zai tuna mipango yetu ya mbeleni.

Mweka hazina, Temeke

*

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza swali moja na kuficha la pili chini yake, kama mtu anayefunika mchuzi ulioungua kwa wali. Harufu imenifikia. Nitaanza na lile uliloliuliza, kwa sababu hilo ni jepesi.

Mji ni Rabat.

Kabla sijakueleza kwa nini, nikupe aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2019 nilikwenda Misri na mume wangu kuwaona Stars. Nilikuwa na ndoto ya kuamka asubuhi, nifungue dirisha, nione piramidi. Tukapanga Giza. Piramidi niliziona, sina malalamiko. Lakini mechi yetu na Kenya ilikuwa Uwanja wa 30 June, na uwanja huo uko upande wa pili kabisa wa Cairo, mashariki huko, sisi tuko magharibi ya mto. Mechi ilianza saa nne usiku na nikajiambia saa hizo barabara zitakuwa nyeupe. Cairo! Saa nne usiku Cairo ndiyo kwanza inavaa viatu. Msuva alifunga dakika ya sita mimi nikiwa kwenye teksi, namsikia dereva akiimba. Nilifika nikaona tunavyosawazishiwa, nikaona la Samatta, kisha nikawaona Kenya wakitupiga 3-2. Yaani goli pekee nililolikosa ni lile lililotuweka mbele mwanzo. Mume wangu hadi leo akitaka kunichokoza huuliza, "Piramidi hazijambo?"

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza afikie wapi kwenye mashindano, namuuliza kwanza filimbi ya mwisho inalia saa ngapi. Kwenda uwanjani kila mtu atafika, maana mchana kuna usafiri, kuna askari wa kukuelekeza, kuna hamu. Kazi ni kurudi, wakati watu elfu ishirini wametoka mlango mmoja, kila mmoja anaita gari lile lile, wewe una baridi na timu yako imefungwa.

Sasa shika kalenda. Mechi na Uganda inaanza saa kumi na mbili na nusu jioni ya Moroko. Kwetu itakuwa saa mbili na nusu usiku, maana wako nyuma yetu kwa saa mbili. Mtatoka uwanjani karibu saa mbili na nusu usiku wa kule. Ukiwa na chumba Rabat, unakula supu ya moto ya harira njiani na kulala. Ukiwa na chumba Marrakech, una kama saa nne za treni mbele yako. Na Fes ndiyo usiitaje: Marrakech hadi Fes kwa treni ni karibu saa saba. Ni sawa na mtu anayefuata mechi Dar huku amelala Dodoma, halafu mechi ya kwanza anaambiwa iko Tanga. Kwenye hatua ya makundi Stars hawana hata mechi moja Marrakech. Mji mzuri, sikatai, ila mnakwenda kuangalia mpira.

Rabat ina mechi zenu mbili kati ya tatu, hilo kila mtu kwenye kikundi chenu anaweza kulihesabu kwa vidole. Ambacho pengine hamjakihesabu ni kinachofuata. Hatujawahi kushinda mechi hata moja ya AFCON, si 1980 Nigeria, si 2019, si ile ya Ivory Coast. Ila timu ni 24 na washindwa bora wanne, yaani walioshika nafasi ya tatu, wanapita, kwa hiyo usinicheke nikikupangia hatua ya mtoano. Stars wakimaliza wa pili, wanacheza Casablanca tarehe 3 Januari. Wakimaliza vinara (amina), wanarudi Fes tarehe 5. Wakipita kama mshindwa bora, wanaweza kubaki Rabat kukutana na kinara wa kundi la wenyeji, au kupelekwa Agadir. Tazama basi: Rabat hadi Casablanca ni kama saa moja kwa treni, Rabat hadi Fes ni saa mbili na nusu hadi tatu. Agadir tu ndiyo itawatesa, kwa sababu treni haifiki huko, inaishia Marrakech na mnadaka basi. Na ndege yenu ni tarehe 6. Hakuna mji mwingine wa kambi unaokupa mlango kwa karibu kila jibu.

Na kuna zawadi. Kongo nao wana mechi mbili Rabat. Ya kwanza ni siku ile ile mko Fes, isahau. Lakini tarehe 30 Stars wanacheza na Tunisia saa kumi na moja jioni, na Kongo na Botswana saa mbili usiku, mji ule ule. Viwanja ni viwili tofauti, kwa hiyo msibaki kupiga picha na bendera. Ukiwa na miguu myepesi, unaona mechi mbili kwa siku moja na unasikia Kiswahili na Kilingala jukwaa moja.

Hapo niweke tahadhari. Rabat ina viwanja vinne vya mashindano haya. Ukimwambia dereva "stade" bila jina, usishangae akikupeleka kwenye ule mkubwa mpya wa Prince Moulay Abdellah uliofunguliwa Septemba 2025, na hapo ndipo utakapogundua kwamba tiketi yako ya Uganda ni ya Al Medina. Andika jina la uwanja kwenye karatasi kama lilivyo kwenye tiketi. Jingine: zile teksi ndogo za mjini, za bluu kwa Rabat, sheria yake ni abiria watatu. Ninyi ni watano, kwa hiyo kila safari ni teksi mbili, wekeni hilo kwenye bajeti. Ndiyo maana nawashauri mtafute chumba karibu na kituo cha treni, Agdal au Rabat Ville, ama mvuke mto mkalale Salé karibu na njia ya tramu. Salé ni nafuu na tramu inawaingiza Rabat.

Fes ni ya usiku mmoja. Msijaribu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Uwanja uko nje ya mji, kwenye barabara ya Sefrou, na mechi inaisha usiku. Laleni pale, mji mpya, karibu na kituo, mrudi Rabat asubuhi ya tarehe 24. Mtu atawashawishi mlale ndani ya mji wa kale kwa sababu ni mzuri. Ni mzuri kweli, na magari hayaingii, kwa hiyo mtaburuta masanduku kwenye vichochoro vya mawe usiku wa manane mkiongozwa na mtoto anayetaka alipwe. Bebeni mikoba midogo, masanduku yabaki Rabat.

Sele pia aambiwe: ile treni ya kasi anayoionyesha kwenye simu, Al Boraq, inakwenda Tangier na Casablanca kupitia Kenitra na Rabat. Fes haifiki. Huko ni treni ya kawaida, na siku ya mechi itajaa, hivyo tiketi zikatwe mapema. Hata tarehe 21 mnayotua ni siku ya ufunguzi, Moroko na Komoro pale Rabat. Treni za kutoka Casablanca jioni hiyo nadhani zitakuwa kama daladala za Gongo la Mboto.

Casablanca yenyewe sikuikataa kwa ubaya. Ingekuwa chaguo langu la pili. Kasoro yake ni moja: mngesafiri kwa kila mechi, hakuna hata moja ambayo mngetembea tu na jezi zenu kutoka mlangoni. Mpe Sele usiku wa mwisho. Tarehe 5, kama Stars hawachezi siku hiyo, mhamie Casablanca, mlale huko, asubuhi mnapanda treni ya uwanja wa ndege. Ataliona jiji lake, nanyi hamtakimbizana na ndege.

Rama asibishiwe, kwa nchi aliyokwenda alikuwa sahihi. San Pedro iko pwani kusini magharibi, Korhogo iko kaskazini kabisa, ungeweka kambi wapi hapo katikati? Ukabeba begi tu. Lakini mwambie safari hii timu yenyewe inakaa Rabat mechi mbili mfululizo, begi lake litaifuata wapi? Mpeni kazi ya ratiba za treni. Mtu aliyelala kwenye basi hadi Korhogo hachelewi kituoni.

Kwa Mzee Kombo nenda wewe mwenyewe, nyumbani kwake, na usimpigie simu. Kenitra si mbali, ni kama nusu saa ya treni kutoka Rabat, na kama mngekuwa wawili ningesema nendeni. Mko watano, mmoja wenu mwanamke, na mwenyeji ni mwanafunzi. Chumba cha mwanafunzi unakijua. Siku ya tatu mtakuwa mmemmalizia gesi na sukari, naye kwa heshima ya mjomba wake hatasema. Mzee alichotoa pale kikaoni hakikuwa kitanda, ilikuwa heshima ya ukoo wake, nanyi mkaijadili kama bei ya hoteli. Mwambie mnamhitaji kijana kuliko chumba chake: anajua Kifaransa, anajua Kiarabu cha mtaani, anajua dereva akitaja bei kama ni ya mgeni au ya mwenyeji. Mnunulieni tiketi ya mechi ya Uganda kutoka kwenye kibubu, na siku ya Ijumaa mumwombe awapeleke mahali wanapokula couscous baada ya swala. Mzee atakunywa chai.

Na baridi! Nilitaka kusahau. Watu wa Temeke mnadhani Afrika yote ni Desemba ya Dar. Rabat mchana ni kama Lushoto, usiku unataka koti. Fes usiku nyuzi 5 si ajabu, na nyumba nyingi hazina kipasha joto, ukuta wenyewe unatoa baridi. Zile nyumba za picha za Zai zenye ua wazi katikati zilijengwa kwa ajili ya kiangazi. Ulizeni kama chumba kina joto kabla hamjauliza kama kina kifungua kinywa. Soksi nzito, na nguo ya ndani ya mikono mirefu chini ya jezi.

Kila mtu awe na Fan ID yake, yaani kitambulisho cha shabiki, kwenye programu ya Yalla, jina liwe lile lile la pasipoti herufi kwa herufi. Bila hiyo hamuingii uwanjani. Na chumba cha Rabat mchukue ambacho oda yake inafutika bure hadi siku chache kabla ya kufika.

Haya. Tuinue wali tuone mchuzi.

Umesema "kishika uchumba kidogo". Umesema "1,400,000 tu". Nimehesabu: hela hiyo ukiigawa kwa watano, kila mwenzako umemtolea 280,000 bila kumuuliza. Mzee Kombo alikaa kwenye kikao kile akitetea kitanda cha bure, wewe ukiwa umekaa na risiti mfukoni, unamwangalia anavyosusa. Ukamwacha Zai abishane na wenzake akidhani ni maoni tu. Au Zai anajua? Hukuniambia, na hilo linanisumbua kuliko Marrakech yenyewe. Kama anajua, mmewafanyia wenzenu kikao cha maigizo. Kama hajui, basi umemweka mahali pabaya, maana siku ikijulikana wataosha midomo yao kwa jina lake na si lako.

Sikuoni kama mwizi. Ulitaka kuwahi bei, ukataka pia kumfurahisha mtu, na vyote viwili ukavifanya kwa hela ya watu watano. Mweka hazina hana ruhusa hiyo hata kwa jambo jema. Na kunitumia mimi nitaje Marrakech ili risiti yako igeuke busara, hapana. Kuna wasomaji watano wa kibubu hicho, siwezi kumshauri mmoja dhidi ya wanne.

Hela inaweza kuokolewa kidogo. Mwandikie mwenye nyumba leo. Usimuombe akurudishie, ameshasema hairudishwi. Muulize kama malipo yale ya awali ya siku zote ulizopanga yanaweza kugeuzwa yakawa ya siku mbili tu, kuanzia tarehe 31 Desemba hadi 2 Januari. Hatua ya makundi kwa Stars inaisha tarehe 30, mtoano unaanza tarehe 3, hapo katikati hamna mechi. Mnapanda treni asubuhi ya tarehe 31, mnalala mbili, Zai anapiga picha na michungwa yake, mnarudi kaskazini tarehe 2 mkijua Stars wanacheza wapi, au kama hawachezi. Ni mkesha wa mwaka mpya, bei iko juu, anaweza kukataa au kutaka nyongeza. Wageni wengi huwa wanatoweka kabisa. Anayeandika mapema kwa adabu husikilizwa mara nyingi. Akikataa, zile 1,400,000 ni zako. Utazirudisha kwenye kibubu kwa awamu, na utaje tarehe.

Usisubiri "wakati mzuri". Umeusubiri tangu Septemba. Andika leo jioni kwenye lile kundi lililonyamaza, na usiandike kabla hujaongea na Zai ana kwa ana na kabla hujatoka kwa Mzee Kombo. Kama maneno yanakupotea, nakili haya:

"Ndugu zangu, mwezi wa tisa nililipa 1,400,000 za kibubu kwa nyumba Marrakech bila kuwauliza. Nilikosea. Risiti hii hapa chini. Nimemwandikia mwenye nyumba abadilishe ziwe siku mbili za tarehe 31, jibu lake nitaliweka hapa hapa. Akikataa nitailipa mimi. Kitabu cha hesabu nakikabidhi kwa Rama kuanzia leo hadi turudi. Kwa kambi napendekeza Rabat, na Fes usiku mmoja. Semeni."

Weka na picha ya risiti, yote, usiikate sehemu ya tarehe. Ukishatuma, iache simu ndani, ukale.